Pa Kuketi Bila Kuulizwa

Aliyekuwa Bunia Mei 2003 hahitaji kufundishwa jinsi mtu anavyobeba ramani kichwani. Majeshi ya Uganda yaliondoka mwanzoni mwa mwezi ule, na siku chache baadaye mji ukakatika vipande. Mtaa wa Mudzipela ukawa na wenyewe, mitaa ya jirani ikawa na wenyewe, na barabara iliyokuwa ya watu wote asubuhi ilipata wenyewe kabla ya giza kuingia. Kila mzazi alijua vichochoro vya kupitisha watoto, nyumba ambayo mlango wake ungefunguliwa ukigonga mara moja tu, na bariyere ambako jina la ukoo peke yake lingetosha kumuua mtu. Hakuna aliyeiandika ramani hiyo. Ingekutwa mfukoni, ingemponza mwenye nayo pamoja na wote waliotajwa ndani yake.

Nimeikumbuka ramani ile isiyo na karatasi kwa sababu ya vijitabu na ramani za zamani za miji ya Marekani, ambazo siku hizi watafiti wanazikusanya na kuzipa uhai mpya. Ni ramani za baa, mikahawa, hoteli na kumbi za muziki ambako watu wanaopenda wa jinsia yao waliweza kuingia usiku, wakanywa, wakacheza, wakaketi karibu na wawapendao. Najua kwamba Bunia mada hii haianzishwi sebuleni. Wengi wataona haituhusu, na wengine watakasirika kuiona imeandikwa kwa Kiswahili. Naiandika kwa sababu naamini watu waliopita katika yale tuliyopita sisi wanaweza kuzisoma ramani hizo vizuri kuliko wengi, wakiamua kuzisoma.

Kinachojulikana zaidi kati ya vijitabu hivyo ni cha Bob Damron, mtu wa San Francisco aliyekuwa mwenye baa. Katikati ya miaka ya 1960 alianza kuchapisha kitabu cha anwani, kidogo kiasi cha kuingia katika mfuko wa shati, kilichopangwa jimbo kwa jimbo na mji kwa mji. Kila mstari ulitaja jina la mahali, mtaa, na pembeni herufi chache. Nyota ilionyesha kwamba pamechangamka. Herufi nyingine ilimwambia msomaji kwamba wateja Weusi hufika pale. Kulikuwa pia na herufi nne zilizoonya kwamba ukienda hapo, unakwenda kwa hatari yako mwenyewe. Mtu aliyeshuka kwenye basi katika mji asikomjua hata mbwa aliweza kukifungua chini ya taa ya kituo na kujua aelekee wapi. Wanahistoria wawili, Amanda Regan na Eric Gonzaba, wameziingiza anwani hizo katika ramani ya kompyuta, na sasa unaweza kuona jinsi nukta zilivyoenea mwaka hadi mwaka, si New York na San Francisco tu, bali hata katika miji midogo ya mahindi na makaa ya mawe.

Ili kujua uzito wa nukta hizo, lazima ujue sheria ya wakati ule. Damron alipoanza, mapenzi ya namna hiyo yalikuwa kosa la jinai katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Illinois, iliyobadilisha sheria yake mwaka 1961. New York, mamlaka ya vileo iliweza kuinyang'anya baa leseni kwa sababu ya wateja wake tu: wakikusanyika hapo watu wa aina hiyo, baa ilihesabiwa kuwa mahali pa fujo, hata kama hakuna aliyeinua sauti. Tarehe 21 Aprili 1966 wanaume wachache wa chama kilichoitwa Mattachine Society waliingia katika baa ya Julius' mjini humo wakiwa wamevaa suti na tai. Wakamwambia mhudumu kwamba wao ni wapenda wanaume, kwamba hawatafanya vurugu, na kwamba wanaomba kinywaji. Kuna picha ya dakika ile. Mhudumu amenyoosha mkono na kufunika bilauri kwa kiganja.

Nimeitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Hakuna bunduki, hakuna panga, hakuna damu. Ni kiganja juu ya bilauri. Lakini anayejua maana ya kunyimwa maji kisimani kwa sababu ya kabila lake anakijua kiganja kile, kwa kuwa mauaji mengi yaliyotupata hapa Ituri yalitanguliwa na mambo madogo ya namna hiyo: duka lililoacha kukukopesha, jirani aliyeacha kuitikia salamu, kiti kilichovutwa pembeni ulipotaka kuketi.

Damron hakuwa wa kwanza. Mwaka 1936, Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alitoa kitabu cha wasafiri Weusi chenye majina ya hoteli, nyumba za watu, saluni na vituo vya mafuta ambako mtu mweusi angehudumiwa bila kutukanwa wala kupigwa. Kitabu hicho kilichapwa kwa takriban miaka 30. Green aliandika kwamba anatazamia siku ambayo hakitahitajika tena. Alikufa mwaka 1960, miaka minne kabla ya sheria ya haki za raia iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli na mikahawa. Vitabu viwili, watu wawili tofauti kabisa, na kazi moja: kumwambia mgeni mlango gani utafunguka.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tunaipenda, na watu wa mashariki ya Kongo wanajulikana kwa ukarimu. Mgeni akifika saa mbaya, sombe na ugali vitapatikana, na mkeka utatandikwa. Lakini nadhani kwamba ukarimu wetu una masharti tusiyoyataja. Tunamkaribisha mtu, kisha tunaanza: wa wapi, wa nani, ameoa, ana watoto wangapi, anasali kanisa gani. Kwa wengi wetu maswali hayo ni upendo. Kwa mwingine kila swali ni bariyere, na anahesabu ni jibu lipi litampitisha.

Yuko kijana ninayemfahamu hapa mjini, anayeniita yaya. Hangependa nieleze kazi yake wala mtaa wake, nami sielezi. Aliniambia kwamba Bunia nzima, pamoja na soko lake, makanisa yake, vyuo vyake na nganda zake zisizohesabika, ina mahali pachache mno anapoweza kuketi kwa saa nzima bila kujichunga mikono, sauti na macho. Mahali pamoja ni nganda ya kawaida kabisa: viti vya plastiki, televisheni ya mpira, nzi, Primus isiyopoa vizuri umeme unapokatika. Mama mwenye nganda hajawahi kumuuliza lolote. Lakini walevi wa meza ya jirani wanapoanza kumkazia macho na kutaka kujua kwa nini mwanaume wa umri ule hana mke, mama huinua sauti kutoka nyuma: "Ee mtoto yangu, kuya unisaidie na hizi chupa." Naye huondoka kwa heshima, huenda kubeba chupa ambazo zingeweza kubaki pale zilipo, na akirudi mazungumzo yamehamia kwenye bei ya dhahabu au kwenye mpira.

Nilipomsikiliza niliona kwamba hiyo ndiyo ramani yake yote. Ina nukta mbili, labda tatu, na kila nukta ni tabia ya mtu mmoja. Mama yule akiugua au akiuza kiwanja, ramani imepungua. Damron angeweza kuandika mtaa na namba ya nyumba. Huyu hana cha kuandika, kwa maana kinachomlinda ni uelekevu wa mama ambaye huenda mwenyewe hajawahi kusema kwa mdomo wake anajua nini.

Mtu anaweza kusema: basi waandike, wafanye kitabu chao, wapeane anwani kama Wamarekani. Hapo ndipo historia ya jirani zetu inapotufunza kitu kigumu. Kampala ipo karibu nasi kuliko Kinshasa. Wafanyabiashara wetu hununua huko, watoto wetu husoma huko, wagonjwa wetu hutibiwa huko. Mwaka 2010 mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera alifungua baa huko Ntinda iliyoitwa Sappho Islands, mahali palipojulikana wazi kuwa pa watu wa aina hii. Mwaka uliofuata ilikuwa imefungwa. Na Oktoba ya mwaka huohuo wa 2010, gazeti la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano na lile la Marekani, lilichapisha picha na majina ya watu liliodai ni mashoga, pamoja na sehemu wanazoishi baadhi yao, na juu ya ukurasa wa mbele maneno ya kutaka wanyongwe. Nabagesera, mwanaharakati mwenzake David Kato na mwenzao mwingine mmoja walikwenda mahakamani. Mwanzoni mwa Januari 2011 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, ikalizuia gazeti na kuliamuru limlipe kila mmoja wao shilingi milioni 1.5 za Uganda. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa.

Watazame Damron na gazeti lile wakiwa bega kwa bega. Wote wawili walichapa anwani. Wote wawili walisema, kwa namna fulani, watu hawa wanapatikana hapa. Karatasi ni ileile na wino ni uleule. Kilichotofautiana ni nani aliyeshikilia karatasi na alikuwa anakwenda kufanya nini pale mlangoni. Sisi watu wa Bunia tulilijua hilo kabla Kampala haijatuonyesha. Mei 2003 watu walikimbilia parokia ya Nyakasanza kwa sababu kila mtu alijua kwamba kanisa ni mahali pa usalama. Waliokuja kuua walijua pia. Mapadri wawili waliuawa pale pamoja na watu waliojificha kwao. Mahali palipojulikana na wote kuwa kimbilio palikuwa pia mahali rahisi kuliko pote pa kuwakuta waliokimbia.

Marekani nayo ina Nyakasanza zake. Juni 24, 1973, mtu aliwasha moto kwenye ngazi za baa ya UpStairs Lounge mjini New Orleans, na watu 32 wakafa. Palikuwa mahali pa kunywa na kuimba pamoja kwa piano, na baadhi ya waliokuwepo walikuwa waumini wa kanisa dogo lililowapokea. Baada ya moto, makanisa mengine ya mji yalikataa kufanya ibada ya wafu wao, na kuna maiti ambazo ndugu hawakujitokeza kuzichukua. Mtu akikataliwa kaburini na ndugu zake, hapo sioni tena ubishi wa maadili ya mapenzi. Naona deni la mazishi ambalo mila zetu zote, za Kihema, za Kilendu, za Kinande, za Kialuri, zinalijua na zinaliogopa.

Wala sitaki kuifanya ramani ile ya Marekani kuwa paradiso. Herufi ya kuonyesha wateja Weusi isingehitajika kama baa zote zingewapokea. Katika miaka ya 1970, wanaume Weusi waliofika kwenye baa kadhaa za mashoga waliombwa kitambulisho, kisha cha pili, kisha cha tatu, wakati wazungu waliokuwa mbele yao walipita wakicheka. Waliokuwa wamefukuzwa kila mahali walipopata mlango wao, waliweka mlinzi wa kuwafukuza wengine. Hilo linanihuzunisha kuliko sheria yoyote ya mji, kwa sababu tunalifanya na sisi. Ni mara ngapi kwenye barabara zetu kadi ya mpiga kura imegeuzwa na kusomwa, si kwa ajili ya picha, ila kwa ajili ya mahali pa kuzaliwa? Na aliyekuwa akiisoma pengine mwenyewe aliwahi kulala msituni kwa sababu ya mstari uleule kwenye kadi yake.

Kuhusu sheria yetu, wengi wanadhani Kongo inakataza mapenzi haya. Haikatazi. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 40, inataja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti, na hapo inaishia. Hakuna kifungu cha jinai kinachomfunga mtu kwa kumpenda mwenzake wa jinsia moja, ingawa ibara ya 176 ya kanuni ya adhabu, inayohusu kuvunja adabu hadharani, imetumika kuwasumbua watu hao. Miswada ya kuharamisha imepelekwa bungeni Kinshasa mwaka 2010 na tena 2013, na haikupita. Ng'ambo ya ziwa hali ni nyingine. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakiwakimbia wauaji katika eneo la Djugu, wengi wakapokelewa kambi ya Kyangwali, na kwa hilo Uganda inastahili shukrani yetu. Lakini tangu Mei 2023 Uganda ina sheria inayotoa kifungo cha maisha kwa mapenzi haya, na kwa baadhi ya makosa inayoyaita makubwa, kifo. Kijana wa Djugu anayependa wanaume alivuka maji ili asiuawe kwa kabila lake, akafikia mahali anapoweza kufungwa maisha kwa moyo wake.

Sheria hiyo ilipotungwa iligusa hata milango. Iliweka adhabu kwa mwenye nyumba anayejua na bado akampangisha mtu wa namna hiyo, na ikamtaka kila raia atoe taarifa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu hivyo viwili pamoja na vingine vichache, na kuviacha vilivyobaki. Hukumu hiyo, angalau kwa hapo, ilimwondolea mwenye nyumba kazi ya kuwa askari wa mpangaji wake. Kabla ya hapo, hata mama wa nganda yule angekuwa na sababu ya kuogopa Uganda.

Mara nyingi ninapozungumza haya na wazee wa kanisa, Biblia inafunguliwa haraka kwenye Mambo ya Walawi. Nami huomba tufungue pia Yoshua 20. Humo kuna orodha ya miji ya makimbilio, kwa majina: Kedeshi, Shekemu, Hebroni, ng'ambo ya Yordani Bezeri, Ramothi na Golani. Miji sita, iliyotengwa ili mtu aliyeua bila kukusudia asifikiwe na mlipiza kisasi kabla ya kusikilizwa. Kumbukumbu la Torati 19 inaongeza jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: jamii nzima inaamriwa kutengeneza njia ya kufika huko. Kazi haikuachwa kwa mkimbizi. Mwenyeji, ambaye hakuua mtu wala hakutafutwa na mtu, ndiye aliyebebeshwa jembe la barabara. Na wale waliohifadhiwa walikuwa wamemwaga damu kweli. Kijana wangu hajamwaga damu ya mtu.

Nafahamu kwamba wapo wasomaji wanaoamini kwa dhati kuwa mapenzi haya ni dhambi, na siwezi kuwaondoa katika imani yao kwa makala moja. Ninachowaomba ni kidogo zaidi, na kwa mji wetu ni muhimu zaidi. Imani hiyo haikulazimishi kuuliza mezani. Haikulazimishi kupeleka jina kwa mkuu wa mtaa, wala kupiga picha kwa simu na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp, jambo ambalo sasa linafanya kazi ya ukurasa wa mbele wa lile gazeti la Kampala kwa dakika moja, bila mhariri na bila mahakama ya kukimbilia. Jina likishatoka halirudi. Bunia tumewazika watu kwa sababu ya majina yaliyotoka.

Na kuna jambo linalonipa matumaini. Juni 2003, mwezi uleule ambao askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis walitua uwanja wa Murongo kutuzuia tusimalizane, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za mwisho zilizowafanya watu wa vijitabu vya Damron kuwa wahalifu. Hukumu ilitoka tarehe 26. Ilichukua karibu miaka 40 tangu anwani za kwanza zilipochapwa mpaka anwani hizo kuacha kuwa za wahalifu mbele ya sheria katika kila jimbo. Baa nyingi zilizokuwemo zimefungwa. Baadhi zimekuwa benki au maduka ya viatu, na wazee waliozijua wanasimama mbele yake wakiwaonyesha vijana mahali piano ilipokuwa. Nasi sasa mtu wa Mudzipela anaweza kunywa chai upande wa pili wa mji, kwa sehemu kubwa ya mwaka, bila kuhesabu vichochoro. Amani haijatimia, wala vita haijaisha, kwani tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na kambi ya wakimbizi ya Kigonze bado imejaa mahema. Lakini ramani ya 2003 imepungua kichwani mwa watu, na waliozaliwa baada yake baadhi hawaijui kabisa.

Kwa hiyo nawaomba wenye nganda, wenye nyumba za kupangisha, wenye saluni na wenye maduka ya Bunia wamwache mtu aketi. Anayelipa kodi na hagombani apangishwe. Na nawaomba wabunge wa Ituri, ambao huenda baadhi yao mwaka 2003 walilala katika nyumba isiyo yao kwa sababu mwenye nyumba hakuuliza: muswada ule ukirudishwa tena Kinshasa, wapige kura ya hapana.